Nafasi, Kistari na Ritifaa: Kusoma Umbo la Amri za Unix

Mstari ulikuwa mfupi:

rm rasimu *

Nilikusudia kufuta rasimu za zamani za makala moja, rasimu1 hadi rasimu9, nibaki na nakala safi pamoja na maandishi mengine yaliyokuwa humo kwenye folda. Nilipobonyeza Enter mashine ikanijibu kwa sentensi moja: haiwezi kuliondoa faili la rasimu, kwa kuwa faili la jina hilo halipo. Nikashusha pumzi. Kumbe haijafanya kitu, nikajisemea, nitajaribu tena. Mpwa wangu, ambaye ndiye aliyekuwa mwalimu wangu jioni ile, alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai.

"Mjomba, umeacha nafasi."

"Nafasi ya nini?"

"Hapo, kabla ya nyota."

Akaweka kikombe chini, akainama, akaandika ls, amri ya kutaja majina ya vilivyomo kwenye folda. Halikutokea jina hata moja. Alama ya dola ilirudi mahali pake, na pembeni yake kile kimstari kikaendelea kumemeta kana kwamba hakuna lililotokea.

Nimekula chumvi nyingi katika kazi ya kusomesha uhakiki wa ushairi. Nimewaambia wanafunzi mara zisizo na idadi kwamba katika shairi la arudhi hakuna kilichokaa bure: punguza silabi moja, mshororo unachechemea. Huniitikia kwa adabu, lakini wao na mimi tunajua kwamba mshororo ukichechemea hafi mtu. Jioni ile nilikutana na maandishi ambamo nafasi tupu, kitu kisicho hata na wino, kilinifutia kazi ya miezi minne. Nilipomaliza kuomboleza nikafanya ninalolijua: nikausoma ule mstari upya, kama ninavyosoma shairi.

Amri ya Unix, mfumo unaoendesha mashine ile, ina kanuni moja ya sarufi inayotangulia nyingine zote: nafasi ndiyo inayotenga neno na neno. Neno la kwanza ni kitenzi, hapa rm, yaani ondoa, na yanayofuata aghalabu ni ya kutendwa. "Rasimu" na nyota zikishikana ni neno moja, na maana yake ni kila jina linaloanza kwa herufi hizo. Zikiachana ni maneno mawili. La kwanza ni faili liitwalo rasimu, ambalo kweli halikuwapo. La pili ni nyota peke yake, yaani kila kilichomo humu. Tena rm yenyewe haikukosea, kwa sababu nyota haikuiona kamwe. Nyota ilisomwa na programu inayokaa mlangoni, ile inayopokea tunachoandika na kukigawa maneno kabla ya kukabidhi kazi kwa mwenyewe. Hiyo ndiyo iliyoigeuza nyota kuwa orodha ya majina ya mafaili yangu yote, ikampa rm orodha mkononi. Inaitwa sheli. Mtanzania akisikia sheli hufikiria kituo cha mafuta, na mimi siku ile nilijiona sawasawa na mtu aliyewasha kiberiti kando ya pampu.

Kinachonishika kama mhakiki, lakini, ni lile jibu. Mashine ilisema juu ya kitu kimoja tu, kile ilichoshindwa kukifanya. Ilichokifanya ikakinyamazia. Katika tamthilia tungesema ni kinaya: mhusika anapokea habari na kushusha pumzi, ilhali aliyesimama nyuma yake na kikombe cha chai anajua kwamba nyumba imeungua. Tofauti ni kwamba hapa hakuna mtunzi aliyekusudia kinaya. Kimezaliwa na umbo lenyewe, na umbo hilo lina asili yake.

Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara ya Bell huko Murray Hill, New Jersey, Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie wakitumia kompyuta ndogo ya PDP-7. Watu wengi wa wakati ule hawakuwa na vioo vya kutazama kama sisi. Waliongea na kompyuta kwa teletaipu, mtambo wenye vitufe vizito unaochapa kwenye karatasi, yale ya mtu na yale ya mashine pamoja. Teletype Model 33, iliyoenea sana miaka hiyo, ilichapa herufi 10 kwa sekunde, na kwa kelele. Hebu tuipime kwa adabu zetu. "Shikamoo mzee, za tangu juzi, nyumbani hawajambo?" Hizo ni karibu sekunde 5 za tata-tata-tata kabla mzee hajafika kwenye marahaba. Chombo cha namna hiyo hakikuzaa lugha ya salamu. Kilizaa ls, cp, mv na rm: irabu zimenyolewa, kitenzi kimebaki mifupa miwili. Kimezaa pia jina moja la kazi za ndani ya mfumo, creat, lililopoteza herufi yake ya mwisho, na miaka mingi baadaye Thompson alipoulizwa angebadilisha nini kama angeiunda Unix upya, alijibu kwamba angeirudisha herufi hiyo.

Basi ukinakili faili kwa cp na kila kitu kikaenda salama, hutaambiwa kitu. Ukihamisha, kimya. Ukifuta, kimya. Neno husemwa panapotokea hitilafu, au pale ulipouliza. Walimu wa kompyuta huipita nukta hii kwa sentensi moja, "isipojibu ujue imefanya," kisha wanaendelea na orodha ya amri. Nadhani hapo ndipo wangetakiwa wakae nusu saa nzima, hasa na mwanafunzi aliyelelewa kwa Kiswahili. Sisi tumefundishwa hodi. Unabisha, unangoja karibu. Ukibisha mara tatu bila jibu, unageuza njia ukarudi ulikotoka, kwa kuwa kimya cha mwenye nyumba ni katazo. Hapa kimya ni ishara kwamba umeshaingia, umeshakaa na umeshakula. Nimewaona watu wazima wenye akili timamu wakiandika cp ileile mara tatu wakingoja karibu, na wakati huo mashine inaandika nakala juu ya nakala bila manung'uniko. Hawakushindwa na Kiingereza, kwa sababu rm si Kiingereza wala si Kichina. Haina irabu, na Mwingereza anayeanza huitumbulia macho kama sisi. Kilichowashinda ni desturi ya mazungumzo.

Katika kundi lote la vitenzi hivi vilivyokaushwa, ni kimoja tu ninachosikia kikisema Kiswahili: sudo. Kimekamilika, konsonanti na irabu, konsonanti na irabu, kama jina la kijiji cha pwani. Nacho ndicho cha hatari kuliko vyote, kwani ukikitanguliza mbele ya amri, unatenda kwa mamlaka ya mwenye mashine, na mashine haitakuzuia kwa jambo lolote. Katika mifumo mingi, siku ya kwanza unapokitumia hukupa mawaidha mafupi ya nukta tatu: heshimu siri za wenzio, fikiri kabla ya kuandika, na ujue kwamba mamlaka makubwa huja na dhima kubwa. Ni mahali pa nadra sana ambapo mfumo huu unafungua kinywa kukunasihi, nao hunasihi mara moja tu, kama somo anayemfunda mwali kisha akamwachia maisha yake.

Tukitoka kwenye kitenzi tunakutana na kistari. Andika ls, unapata majina ya vilivyomo. Andika ls -l, unapata majina na tarehe na ukubwa na mwenyewe. Ls -lt inavipanga kwa wakati, kipya kwanza, na ls -ltr inapindua mpango huo ili kipya kiwe chini, karibu na jicho lako. Herufi zinaongezwa mkiani mwa kitenzi, moja baada ya nyingine, na kila moja inageuza kidogo namna tendo linavyotendeka. Mswahili haitaji kuelezwa jambo hili. Ni mnyambuliko: piga, pigia, pigiana. Wenye lugha ambazo kitenzi hakinyambuliki namna hii hulazimika kukariri herufi za kistari kama namba za simu. Sisi tunayo masikio yake tayari, na nimeona wanafunzi wakifunguka uso pale wanapoambiwa kwamba kistari ni mahali pa kushikizia viambishi.

Ila mfano huu usikazwe sana, utakatika. Katika Kiswahili mpangilio wa viambishi una maana yake: kupiganisha ni kuwatia watu wapigane, na kupigishana ni habari nyingine. Kwa ls ukiandika -ltr au -rtl ni mamoja. Hilo si baya. Baya ni kwamba herufi haina uaminifu. Kwa ls na kwa sort, amri ya kupanga mistari, r ndogo maana yake ni pindua. Kwa rm na cp, r hiyohiyo maana yake ni shuka ndani ya folda, na folda zilizomo ndani yake, mpaka chini kabisa. Kwa hiyo mwanafunzi aliyeizoea r ya ls, iliyo pole kama kondoo, anakwenda nayo kwa rm akidhani ni yule yule. Kiambishi chetu cha kutendesha hakigeuki tabia kikihama kutoka pika kwenda soma. Hapa umbo la Unix lina ufa, na sioni haja ya kuupaka chokaa. Kila programu iliandikwa na mtu wake kwa wakati wake, akachagua herufi iliyomjia, na hakuna aliyepita baadaye kuwapatanisha.

Walioijenga walijua kwamba ina nyufa, na waliziandika. Mwongozo wa kwanza wa Unix una tarehe ya 3 Novemba 1971, na umbo la kurasa zake ndilo linalotumika hadi leo mtu akiandika man ls. Kila amri ina ukurasa wake, na kila ukurasa una vichwa vyake kwa mpango usiobadilika: jina, muhtasari wa namna ya kuandika, maelezo, mafaili yanayohusika, kurasa nyingine za kutazama, kisha kasoro. Katika toleo lile la kwanza kulikuwa pia na kichwa cha mwenyewe, kilichotaja kwa kifupi nani aulizwe: ken, au dmr. Nimesoma miongozo mingi ya vyombo vya nyumbani, ya pasi, ya majiko ya gesi na ya redio, na sijaona hata mmoja wenye kichwa cha habari kinachosema hapa ndipo tulipokosea. Kwenye mwongozo wa Unix kichwa hicho ni sehemu ya umbo. Mwandishi anakikuta kinamngoja, na akikiacha anajua kwamba amekiacha.

Kipande cha muhtasari ndicho chenye ushairi. Mabano ya mraba yanazunguka kile unachoweza kukiacha. Nukta tatu zinasema endelea kuongeza upendavyo. Kisichozungukwa na kitu ni cha lazima. Mstari mmoja wa aina hiyo unabeba sentensi zote ambazo amri hiyo inaweza kutamka, kama vile ukisema "mizani minane kwa minane, vina vya kati na vya mwisho" unavyokuwa umebeba mashairi ambayo hayajatungwa. Mwanafunzi huruka kipande hicho kwa sababu kinaonekana kama takataka za uakifishi, akakimbilia maelezo, ambayo ni makavu na yameandikwa kwa mtu anayejua tayari. Ningekuwa na shule yangu ningewasomesha muhtasari kwanza, wiki nzima, bila kugusa kitufe.

Kuhusu kasoro, kuna ukurasa mmoja ninaoupenda kuliko haki yake. Ni wa cal, amri inayochapa kalenda. Katika toleo la 7, la mwaka 1979, sehemu ya kasoro inakiri mambo mawili: kwamba programu inachukulia kila mwaka ulianza Januari, jambo ambalo mwanahistoria angelicheka, na kwamba ukiandika 78 utaletewa mwaka wa 78 wa mwanzo wa Ukristo, si ule wa karne ya 20. Sasa andika hivi:

cal 9 1752

Utaletewa Septemba inayotoka tarehe 2 na kurukia tarehe 14. Siku 11 hazipo. Uingereza na makoloni yake zilibadilisha kalenda mwezi huo, na programu inatunza habari hiyo mpaka leo kana kwamba dunia nzima ilikuwa London ikikata siku pamoja. Amri isiyosema neno zaidi ya lililoulizwa inakuonyesha bila kutaka ilikozaliwa. Kalenda yake huifungua wiki kwa Jumapili, siku ambayo kwa jina lake yenyewe ni ya pili. Sisi tunahesabu kutoka mosi, na mosi ni Jumamosi. Ukiandika date asubuhi saa moja itakujibu saba. Wala silalamiki, ni makosa ya kusafiri, kama mgeni anayeingia nyumbani na viatu. Lakini hakuna hata kimoja kati ya haya kilichoandikwa kwenye sehemu ya kasoro. Kasoro aliyoiona mwandishi ni ya Mwingereza aliyesoma historia. Ya Mswahili hakuwa na njia ya kuiona.

Nafika kwenye bomba, na hapa naomba nisiharakishwe, maana ndipo umbo hili linapokuwa zuri. Doug McIlroy, aliyekuwa mkuu wa Thompson na Ritchie pale Bell, tangu mwaka 1964 alikuwa ameandika kwamba programu zingepaswa kuunganishwa kama mipira ya kumwagilia bustani, kipande kwa kipande. Mwaka 1973 Thompson aliliingiza wazo hilo ndani ya Unix, na baada ya muda mfupi likapata alama yake, mstari uliosimama wima. Inachotoa programu ya kushoto kinakuwa chakula cha programu ya kulia. Ni kama kupokezana matofali pale fundi anapojenga ghorofa: kila mtu anapokea, anageuka, anatoa, na hakuna anayejua nyumba nzima itakuwaje.

Mfano ni huu. Nina faili la mahudhurio, kila mstari una jina moja la aliyefika, na nataka kujua nani kafika mara nyingi zaidi:

sort mahudhurio.txt | uniq -c | sort -rn

Autazame huo mstari mtu aliyezoea ushairi wetu. Una vipande vitatu vilivyotengwa na vituo viwili. Ni mshororo wa ukawafi: ukwapi, utao, mwandamo. Ukwapi unapanga majina kwa alfabeti. Utao unaunganisha yanayofanana na kuandika idadi pembeni. Mwandamo unapanga upya, safari hii kwa namba, kubwa mbele. Kitenzi kilichofungua ndicho kinachofunga, na katikati maana yake imebadilika: sort ya kwanza inapanga watu, ya mwisho inapanga hesabu. Nikiwa na shairi lenye neno lililorudiwa namna hiyo ningemwuliza mwanafunzi, je, ni lile lile? Naye angetakiwa ajibu ndiyo na hapana.

Tena vipande hivi haviwezi kubadilishana nafasi. Uniq ina udhaifu mmoja wa ajabu: inaona jirani tu. Ikiletewa Juma, Asha, Juma, itasema Juma mmoja, Asha mmoja, Juma mmoja, kwa sababu hao akina Juma hawakukaa pamoja. Inamtegemea aliyetangulia amalize kuwapanga. Utao hausimami bila ukwapi. Na hapa ndipo kimya kinapolipa deni lake. Kama sort ingekuwa na adabu za kwetu, ikaanza kwa "nimemaliza kupanga, asante kwa kungoja," maneno hayo yangetiririka ndani ya bomba, na uniq ingeyahesabu kama jina la mwanafunzi. Wahenga wa kwetu walisema kimya kingi kina mshindo mkuu; hapa kimya cha kila mmoja ndicho kinachowezesha sauti ya wote.

Mwaka 1986 mambo haya yaliingia kwenye uhakiki wa hadharani. Jon Bentley, katika safu yake ndani ya jarida la Communications of the ACM, alimwomba Donald Knuth aandike programu ya kuonyesha mtindo wake wa uandishi, ule ambao programu husomwa kama insha. Kazi yenyewe: soma maandishi, toa maneno yanayojitokeza zaidi pamoja na idadi zao. Knuth aliandika kurasa nyingi, kazi ya fundi wa kufinyanga, kila kitu kimetengenezwa kwa mkono kutoka udongo mbichi. McIlroy aliombwa aihakiki. Aliisifu, kisha akaonyesha kwamba kazi hiyohiyo hufanywa na bomba la amri sita za programu zilizokwisha kuwapo. Watu wengi husimulia kisa hicho kama ushindi wa McIlroy kwa pigo moja. Mimi nakiona ni ugomvi wa tanzu. Mmoja aliombwa utenzi akatunga utenzi. Mwenzake akajibu kwa methali, na methali daima hushinda kwenye baraza.

Nilitamani kuijaribu methali hiyo kwenye Kiswahili, na njia ni ileile: kwanza vunja maandishi kila panapotokea kitu kisicho herufi, ili kila neno likae mstari wake, geuza herufi kubwa kuwa ndogo, kisha ukawafi wetu ule, panga, hesabu, panga. Nikalipitisha faili la hadithi niliyoiandika zamani juu ya mfugaji. Juu kabisa zilikuja na, ya, wa, kwa. Vema. Alipika, atapika na wamepika zilihesabiwa kila moja peke yake, kama watu wasiojuana. Nalo nililitarajia. Nikashuka chini zaidi nikakuta neno ombe. Limejitokeza mara 31. Sikumbuki kuandika ombe hata mara moja. Mistari kadhaa juu yake palikuwa na ng, mara nyingi zaidi, peke yake.

Walikuwa ni ng'ombe wangu. Bomba lilifika kwenye ritifaa, likaona si herufi kati ya A na Z, likawachinja pale pale shingoni, vichwa huku viwiliwili huku. Ng ilikuwa na idadi kubwa kuliko ombe kwa sababu ilikuwa na vichwa vya ng'ambo na vya ng'ara pia.

Kwa Kiswahili ritifaa katika ng' si alama ya uakifishi. Ni sehemu ya sauti; ndiyo inayotofautisha ng'ombe na ngombe asiyekuwapo. Kwa sheli ritifaa ni kufuli. Inafungua nukuu, na kila kinachofuata ni kitu kimoja kisichoguswa mpaka ritifaa nyingine itakapofunga. Jaribu mwenyewe kuandika mkdir ng'ombe ili utengeneze folda ya jina hilo. Hutapata folda, wala hutapata kosa. Utapata alama moja inayochongoka, >, na kimya. Mashine inangoja. Imesikia nukuu ikifunguliwa na inakaa na subira ya mzee wa baraza, ikitaraji umalize usemi wako. Mgeni hapa hubonyeza Enter, na Enter, na Enter, na kila mara alama hiyo inarudi. Mpwa wangu anasema hapo ndipo wengi huzima mashine.

Kibaya zaidi ni pale panapoonekana pazuri. Andika:

echo ng'ombe na ng'ambo

Hapo sheli haitangoja, kwa kuwa ritifaa ya pili imeifunga ya kwanza. Itakujibu: ngombe na ngambo. Imekula zote mbili. Kwa macho yake uliandika ng, halafu nukuu yenye maneno "ombe na ng", halafu ambo, na imetekeleza bila kasoro. Sentensi yenye ng' mbili inasomeka, yenye moja inakwama, yenye tatu inakwama tena. Nimeshuhudia watu wakisema Kiswahili hakiendani na kompyuta. Hakuna cha kutoendana hapo. Ni kwamba alama moja imepewa kazi mbili na nyumba mbili zisizojuana, na anayejua zote mbili ndiye anayeona ajali kabla haijatokea. Dawa yake ni ndogo: mzungushie ng'ombe alama za kunukuu zilizo mbili mbili, naye atapita salama.

Kuhusu vina sina mengi, ila moja silipiti. Stephen Bourne alipoandika sheli ya toleo la 7 alichukua desturi ya lugha ya Algol 68: sharti linalofunguliwa kwa if linafungwa kwa fi, na case inafungwa kwa esac. Ni kinyume, mchezo tuliocheza utotoni wa kumwita mbuzi zimbu, isipokuwa wao hugeuza herufi badala ya silabi. Kwa mantiki hiyo do ingefungwa kwa od. Haikuwezekana, kwa kuwa od lilikuwa tayari jina la programu nyingine, basi do ikafungwa kwa done. Kina kimoja kimeharibika kwa sababu neno lilikuwa na mwenyewe. Kila mshairi wa arudhi anaijua hasira hiyo.

Baada ya msiba wa rasimu nilipitia kipindi cha kutaka kuigeuza Unix nzima iwe ya Kiswahili. Sheli inaruhusu, kuna amri ya alias inayokupa majina yako mwenyewe. Nikaweka orodha badala ya ls, nakili badala ya cp, hamisha badala ya mv. Wiki mbili zikapita nikaviacha. Nakili ni herufi sita dhidi ya mbili, na nilipokaa kwenye mashine ya mtu mwingine nilikuwa bubu. Kimoja nilikibakiza:

alias futa='rm -i'

Hiyo i ndogo humlazimisha rm aulize kabla ya kila jina: niondoe hili? Ni kitenzi pekee ninachotaka kikiuke desturi ya kimya. Tazama pia zile ritifaa mbili zilizoshika rm na kistari chake ili viwe neno moja. Bila hizo sheli ingeichukua rm peke yake kuwa maana ya futa, na -i ingeachwa nje mlangoni.

Juzi mpwa wangu alipita tena, akakuta nimetengeneza folda za hadithi ile ya mfugaji, moja kwa kila mnyama. "Mjomba umefuzu," akasema, kisha akaandika ls aone. Mashine ikajibu kwa mstari mmoja:

kuku  mbuzi  "ng'ombe"

Wawili wa kwanza wako wazi. Wa tatu mashine yenyewe imemzungushia alama za kunukuu, bila kuambiwa. Ls nyingi za miaka ya karibuni hufanya hivyo kwa kila jina ambalo sheli ingelikata. Mpwa wangu akacheka, akauliza kwa nini ng'ombe tu ndiye aliyetiwa zizini.

"Anayo pembe," nikamwambia.